Kidole Nje ya Glavu

Novemba 6, Alhamisi

Mpangaji amefika. Klabu ya Volkano iliniomba chumba kwa ajili ya mrushaji wao mpya wa besiboli. Nimekubali kwa sababu chumba cha Yader kimekaa kitupu tangu Februari, na nimeanza kuzungumza na sufuria. Anaitwa Elford Omier, wa Bluefields, kule pwani ya mashariki wanakotia nazi katika kila chungu. Ana miaka ishirini na saba. Aliinama kupita mlangoni, akanipa mfuko wa nazi sita badala ya mkono.

"Niite Chilo," nikamwambia. "Auxiliadora ni jina la kwenye vyeti."

"Haya, Mis Chilo."

Kwao kila mwanamke mzima ni Mis. Nikamwacha.

Sikumwambia kwamba kitanda ni cha mwanangu. Wala sikumwambia kwamba klabu hiyo hiyo ilimtema mwanangu mwisho wa msimu uliopita, na kwamba sasa Yader anachezea Wakata-Miwa wa Chinandega kwa kuwa hakuna wengine waliompigia simu. Hayo hayamhusu.

Novemba 8, Jumamosi

Siku ya kwanza. Taa za uwanja ziliungua kwa mvua za Oktoba, hivyo mwaka huu mechi zote ni za alasiri, na jua linanipiga usoni kibandani mwangu, juu ya majukwaa. Nimechonga penseli nane. Kila mpira unaorushwa nauandika: wa kasi, wa kupinda, umepigwa, umekoswa. Nilifundisha hisabati miaka thelathini na mmoja, na kazi hii ya uwanjani ndiyo iliyonizuia nisife kwa kustaafu.

Omier amecheza raundi saba na kuwakosesha wapigaji tisa. Tisa walisimama mbele yake, wakakosa mara tatu-tatu, wakarudi kukaa. Mpira wake wa kupinda unakuja kama unamgonga mtu begani, mtu anaruka nyuma, kisha unageuka na kupita katikati kabisa. Watu walicheka kuwaona wanaume wazima wakikwepa hewa.

Novemba 9, Jumapili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, redioni kwa Don Evenor, kama kila siku ya msimu.

"Mwalimu, mji mzima umeshika kikombe cha kahawa unakungoja. Tupe majina!"

Nikatoa majina, ninayoyachagua mwenyewe. Mpigaji wa Siku: mtu wa Granada, mapigo matatu safi. Mrushaji wa Siku: Elford Omier wa Volkano. Niliporudi nyumbani nilimkuta ameosha vyombo vyote na anaimba zaburi kwa sauti ya ng'ombe.

Novemba 11, Jumanne

Mvua. Hakuna mechi.

Novemba 12, Jumatano

Yader: mara nne alisimama, hakupiga hata moja.

Novemba 13, Alhamisi

Yader: mara tatu, hakuna. Mpangaji anatumia maji mengi sana.

Novemba 16, Jumapili

Yader amekuja kula. Hakukaa kwenye kiti chake, alikaa karibu na mlango kama mgeni. Omier alikuwa kanisani kwao Wamoravia.

"Huyo mweusi wako anakula vizuri," Yader akasema, akinusa mkate wa nazi mezani.

"Si wangu, ni wa klabu. Na amekanda mwenyewe."

"Analala kwangu, anakupikia. Bado kukuita mama tu."

Nikamwambia ale anyamaze. Akala. Kisha bila kuniangalia akasema kocha amempa wiki mbili. Asipopiga, wanamrudisha nyumbani, na safari hii hakuna timu nyingine. Ana miaka ishirini na tisa, ana mtoto wa kike, na kazi pekee aliyowahi kuifanya ni kupiga mpira.

"Nitafanya nini, Mama? Nikakate miwa kweli?"

Alipoondoka nilisimama mlangoni mpaka pikipiki yake ikapotea. Mechi za msimu uliopita nilizimaliza bila hata siku moja kumtaja Yader redioni. Mara mbili aliikosa nafasi ya Mpigaji wa Siku kwa pigo moja tu. Watu walinisifu: Mwalimu hana upendeleo. Nami nilijisifu nao.

Novemba 19, Jumatano

Nimeona kitu.

Omier akishika mpira ndani ya glavu, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kinabaki nje, juu ya ngozi ya glavu. Warushaji wengi ndivyo walivyo. Leo raundi ya tatu nilikiona kidole hicho kinainuka kidogo, upana wa punje ya mahindi, kisha ukaja mpira wa kupinda. Kikalala, ukaja wa kasi. Nikaanza kuweka nukta pembeni mwa daftari. Tangu hapo mpaka mechi kwisha alirusha mipira ya kupinda thelathini na moja. Nukta zangu zilikuwa thelathini na moja.

Sikumbuki lini mara ya mwisho nilifurahi hivi. Ni kama pale hesabu ngumu inapofunguka ubaoni na darasa zima linanyamaza. Hakuna mwingine aliyekiona, wala kocha wake, wala mdakaji wake. Kutoka chini hakionekani mpaka uambiwe.

Nilirudi haraka nimwambie. Nikamkuta jikoni na unga mpaka viwikoni, amewakosesha watu kumi leo, anacheka peke yake. Akanikatia mkate ungali moto. Nikasema moyoni, nisimharibie siku. Kesho.

Novemba 20, Alhamisi

Sikumwambia.

Novemba 21, Ijumaa

Yader: mara nne, hakuna.

Novemba 23, Jumapili

Ninaandika haya mchana, Yader ameondoka sasa hivi.

Jumanne Chinandega wanakuja kucheza na Volkano, na anayerusha ni Omier. Wiki mbili za Yader zinakwisha Jumapili ijayo. Alikula haraka. Alipokwenda kunawa, nikamfuata uani.

"Ukisimama mbele ya Omier," nikasema, "tazama kidole cha nje ya glavu."

"Kidole gani?"

Nikamwonyesha. Kikiinuka, wa kupinda: usikwepe, simama, utageuka wenyewe. Kikilala, wa kasi. Nilivaa glavu yake ya zamani nikamfanyia mara mbili, kama nilivyomfanyia jedwali la kuzidisha.

Akaichukua glavu. "Naye anajua?"

"Hajui."

"Mama. Wewe?"

"Mimi nini? Nimesema nilichokiona. Usimwambie mtu."

"Simwambii mtu," akasema, akanibusu mkono. Hajanibusu mkono tangu komunyo ya kwanza.

Omier alirudi baadaye na magimbi aliyopewa na mtu kutoka kwao. Nilikula naye. Nilimuuliza habari za mama yake kwa kirefu kuliko siku zote.

Novemba 25, Jumanne

Yader: mara nne alisimama, mara nne alipiga. Moja imetoka nje ya uzio na kuangukia kwenye mkokoteni wa muuza barafu. Niliandika kwa furaha. Ndiyo, furaha, sitaandika uongo humu.

Omier alitolewa raundi ya tano. Jioni hakula. Aliosha sahani yake safi, akaigeuza, akaniambia, "Mis Chilo, hongera kwa mwanao. Hakuna aliyewahi kusimama mbele ya ule mpira wangu bila kukwepa. Ana moyo."

Kumbe alijua ni mwanangu. Alijua tangu siku ya kwanza, picha ya Yader iko ukutani mwa chumba chake. Hakutaka kunitia aibu kwa kuuliza.

Novemba 26, Jumatano

Mpigaji wa Siku: Yader Munguía wa Chinandega. Don Evenor aligonga meza. "Hatimaye, Mwalimu! Limekutoka jina hilo!" Akaniomba nilirudie. Nikalirudia.

Novemba 29, Jumamosi

Hakuna mvua tena. Wameanza kuchoma mashamba ya miwa, majivu yanaangukia nguo kwenye kamba. Nimefua shuka za Omier mara mbili.

Desemba 2, Jumanne

Chinandega tena, safari hii kwao. Nilisikiliza redioni na kuandika, kisha nikazima kabla haijaisha, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Si Yader tu. Wote. Mpigaji wa kwanza, wa pili, hadi mdakaji wao mnene asiyejua kupiga hata ngoma. Pointi sita katika raundi mbili. Mtangazaji alisema, "Wanampiga kama wamemwona jikoni akipika."

Nilimpigia Yader.

"Umewaambia."

"Mama, tunakaa benchi moja. Kila mtu ananiuliza nimekula nini. Ningewaficha vipi?"

"Ulinipa neno lako."

"Na wao wamenipa nafasi ya tatu, ya wapigaji bora. Mimi! Wa tatu kupiga! Kocha kaniita mwanangu leo." Nyuma yake kulikuwa na vicheko, mtu aliita, Mtumie mama busu! "Mama, huu ni mchezo. Kila mtu anaiba ishara. Yeye si mtoto."

Niliweka simu chini. Mpaka leo nilikuwa nikifikiri nilimpa Yader msaada. Sasa naona nilimpa kitu cha kununulia watu.

Desemba 4, Alhamisi

Aliniuliza.

Tulikuwa mezani, maharage na wali, asubuhi kabla hajaenda mazoezini. Amekonda usoni. Aliweka kijiko chini.

"Mis Chilo, wewe unaandika kila mpira ninaourusha. Kocha anasema ni kichwa changu. Mdakaji anasema ni bahati. Wewe unaona nini?"

Kulikuwa na nzi juu ya jibini. Nilimfukuza yule nzi.

"Sioni kitu," nikasema. "Labda umechoka."

"Nimechoka," akasema, akiitikia kama mwanafunzi mwema. "Labda ndiyo hiyo."

Akaniletea kahawa.

Ningemwambia, angekilaza kidole, Chinandega wangerudi gizani na Yader wa kwanza wao. Nilizifanya hesabu hizo kwa kasi ya kumfukuza nzi. Hilo ndilo linalonitisha, jinsi nilivyokuwa mwepesi.

Desemba 7, Jumapili

Siku ya Bikira. Madhabahu ya barazani nimeipamba kama kila mwaka, na tangu saa kumi na mbili jioni watu walijaa mtaani wakipaza sauti, "Nani anatuletea furaha hii?" na kujibiwa, "Kutungwa mimba kwa Maria!" Omier si Mkatoliki, lakini alisimama kando yangu akigawa pipi na vipande vya miwa, na watoto walimwita Volkano. Hakuna aliyemzomea.

Mchana nilikuwa nimekwenda kitubioni. Padri alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kidole cha mkono upi. Yeye ni shabiki wa Volkano kufa na kupona.

"Nitasali kiasi gani, Padri?"

"Sali unavyotaka. Mungu harushi mpira Jumanne. Mwambie anayerusha."

Desemba 9, Jumanne

Sikumwambia.

Desemba 10, Jumatano

Mtu wa Rivas ndiye Mpigaji wa Siku. Sikumbuki mapigo yake, na ni mimi niliyeyasoma.

Desemba 12, Ijumaa

Wamemtoa kwenye zamu ya warushaji. Kwa kuwa mpira wa kupinda unapigwa, amekuwa akirusha wa kasi kwa nguvu zote, na sasa bega linauma. Amekaa uani akijikanda mafuta ya nazi kwa mkono wa kushoto. Haimbi. Klabu imempa siku moja ya mwisho: Jumapili ya tarehe ishirini na moja, na Chinandega. Wakimpiga tena, arudi Bluefields.

"Kaka yangu anaosha vyombo kwenye meli za watalii," akaniambia. "Miezi tisa baharini, chini kabisa, huoni jua. Ameandikisha jina langu." Akacheka kidogo. "Vyombo naviweza, Mis Chilo. Wewe ni shahidi."

Nilimwomba mafuta, nikamkanda mwenyewe. Bega lilikuwa la moto. Nilifundisha watoto elfu na zaidi, na hakuna hata mmoja niliyemsahihishia vibaya makusudi.

Desemba 15, Jumatatu

Nimemwambia.

Niliamka nikiwa nimeamua, nikaogopa kupika kwanza nisije nikaahirisha. Nilimkuta uani anapiga mswaki.

"Kidole chako," nikasema. "Cha nje ya glavu. Kinainuka ukitaka kurusha wa kupinda."

Alitema povu. Akaenda kuchukua glavu, akasimama mbele ya kioo changu cha ukumbini, akashika mpira. Wa kasi. Wa kupinda. Wa kasi. Wa kupinda. Kidole kikainuka. Akajaribu tena taratibu, na safari hii akakiona mwenyewe. Alikaa chini, sakafuni, mrefu vile.

"Mama yangu wee," akasema. "Kila mmoja wao. Kila mpira." Kisha akainua macho. "Umekiona lini?"

Hapa palikuwa mahali pa kusema.

"Jumamosi," nikasema. "Ulipokuwa mazoezini."

Aliruka akanikumbatia, akanibusu kwenye paji la uso, akaimba kwa sauti ile ya ng'ombe mpaka jirani akagonga ukuta. Alisema mimi nimemwokoa. Alisema atamwandikia mama yake. Nilisimama mikononi mwake kama nguzo.

Sasa nina swali la Yader. Nikimwambia kwamba kidole hakifai tena, atawaambia wenzake, nao watamtafutia Omier kitu kingine. Nisipomwambia, atasimama pale akikitazama kidole kilicholala tu siku nzima, hatajua lolote, na atapiga kwa uwezo wake. Hiyo ni haki. Nimeamua kunyamaza, wote wawili wacheze vipofu.

Desemba 18, Alhamisi

Upepo wa vumbi. Omier anafanya mazoezi mlango umefungwa.

Desemba 20, Jumamosi

Yader amepiga simu. Alikuwa na furaha. Kuna mtu wa Mexico anakuja kesho kuangalia wapigaji, na jina lake limo.

"Mpangaji wako yukoje? Bado ana huzuni?"

"Anakula vizuri," nikasema.

"Basi kesho aje ameshiba," akasema, na kucheka. Nilishika simu muda mrefu baada ya yeye kukata.

Desemba 21, Jumapili

Nitaandika jinsi ilivyokuwa.

Uwanja umejaa. Chinandega walisimama kupiga na kila mmoja wao alitazama glavu. Kidole kikainuka. Mpigaji wa kwanza akasimama akingoja wa kupinda, ukampita wa kasi kifuani, hata gongo hakulitikisa. Wa pili hivyo hivyo. Nikaweka penseli mezani.

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilifikiri atakilaza kidole. Yeye alikuwa amekifundisha kusema uongo. Kiliinuka kwa mipira ya kasi, kikalala kwa ya kupinda, kisha kikabadilika, na benchi lote la Chinandega likaanza kugombana. Raundi nne, wapigaji saba wamekoseshwa. Yader mara mbili alirudi kukaa. Mara ya pili alitupa kofia chini akatazama juu, kwangu kibandani. Nilikuwa mbali, nisingeweza kumwambia lolote. Lakini siku sita nilikuwa nazo.

Raundi ya sita. Yader anasimama, karibu zaidi na njia ya mpira kuliko kawaida yake, mabega mbele. Kidole kinainuka, na tangu raundi iliyopita kilikuwa kimerudi kusema kweli. Mpira unamjia mwilini moja kwa moja, kama ule wa kupinda unavyokuja kabla ya kugeuka. Kila mpigaji anayeuona mpira huo anaruka nyuma. Mwanangu hakuruka. Alisimama, kama nilivyomfundisha, akingoja ugeuke.

Haukugeuka.

Nilisikia mlio nikiwa kule juu. Mkono wa kulia, uliobanwa kati ya mpira na gongo. Alipiga magoti. Chinandega wote wakatoka benchi wakikimbilia katikati, na polisi, na vumbi. Omier hakukimbia. Alisimama pale pale mikono ikining'inia, akimtazama Yader pale chini, mtu ambaye hakukwepa.

Kisha akageuza uso akanitazama mimi.

Nikaandika: amegongwa. Ndivyo inavyoandikwa, herufi moja na duara. Walimbeba Yader kwenye gari, na mimi sikushuka. Nilisema nitashuka raundi ikiisha. Raundi ikaisha, nikasema mtu lazima amalize daftari. Nilikaa mpaka mpira wa mwisho. Nilimaliza hesabu. Omier: raundi tisa, kumi na mmoja aliwakosesha, mapigo mawili tu. Kisha nikatafuta teksi kwenda hospitali.

Mifupa miwili ya kiganja imevunjika. Amelala kwa dawa. Sikuwa na ujasiri wa kumwamsha.

Desemba 22, Jumatatu

"Mwalimu, pole sana kwa mwanao, mji mzima uko nawe. Unaweza kusoma?"

"Naweza."

Mrushaji wa Siku: Elford Omier wa Volkano, raundi tisa, kumi na mmoja. Sauti haikukatika. Ningeshukuru kama ingekatika.

Nyumbani nilimkuta amekaa kitandani, mkoba umefungwa.

"Yukoje?"

Nikamwambia.

"Sikumlenga," akasema. "Naapa kwa mama yangu. Nilirusha pale ili aondoke kwenye njia. Pale mtu anaruka, Mis Chilo. Asiyejua kitu anaruka. Yeye alikuwa na uhakika." Alivuta pumzi. "Nani alimpa uhakika huo?"

"Mimi."

"Lini?"

"Nilikiona Novemba kumi na tisa. Nilimwambia tarehe ishirini na tatu."

Alihesabu kwa vidole, mechi baada ya mechi. Nilimwona akifika ile asubuhi ya maharage na wali.

"Nilikuuliza," akasema polepole. "Nilikaa kwenye meza yako nikakuuliza. Ukaniambia nimechoka. Nikaenda nikalala, nikaamini nimechoka! Bega hili nimelipasua kwa kuamini nimechoka!" Hajawahi kunipigia kelele, na sauti ile ikijaa nyumbani vyombo vinatetemeka. "Na wiki iliyopita nikakubusu!"

Akachukua mkoba. Anahamia bweni la timu.

Desemba 24, Jumatano

Yader yuko nyumbani, kwenye chumba chake, mkono katika plasta mpaka kwenye kiwiko. Nimetengeneza nacatamal, mahindi na nyama katika majani ya mgomba, hakuzigusa. Alikuwa amekwisha kuhesabu yote.

"Ulimwambia."

"Tarehe kumi na tano."

"Na tarehe ishirini nilikupigia. Nilikuuliza." Akaniangalia kama anajaribu kukumbuka mimi ni nani. "Ukaniambia anakula vizuri."

"Ungewaambia wenzako, Yader. Angefukuzwa."

"Ungeniambia mimi. Wala haikuwa lazima uniambie sababu, ungesema tu: mwanangu, kesho usisimame karibu. Maneno matatu, Mama."

Manne, nilifikiri. Nikajichukia kwa kuhesabu.

Yule mtu wa Mexico amechukua mpigaji wa Rivas.

Desemba 31, Jumatano

Majivu bado. Sijafua.

Januari 4, Jumapili

Nimemwambia Don Evenor atafute mtu mwingine. Alifikiri ni kwa ajili ya mkono wa Yader. Nikamweleza ukweli, kipindi kikiwa kwenye matangazo ya mbolea. Akavishusha vipokea sauti shingoni.

"Mwalimu, ligi nzima inaiba ishara. Mimi mwenyewe enzi zangu..."

"Wewe ulikuwa unacheza," nikamwambia. "Mimi nilikuwa naandika."

Akaniomba nimalize wiki. Nikamaliza.

Januari 11, Jumapili

Omier amekuja.

Volkano wametolewa nusu fainali, na yeye kesho anakwenda Mexico. Timu ya yule mtu imemchukua, si kama mpigaji, bila shaka. Hakuja kwangu. Alisimama mlangoni akauliza kama Yader yupo. Nikamwonyesha uani, nikabaki jikoni na kahawa ambayo hakuna aliyeniomba.

Dirisha liko wazi. Mwanzoni walizungumza habari za plasta. Kisha Omier akaomba msamaha, Yader akasema, "Acha, ningekuwa mimi ningerusha pale pale."

"Niambie kitu kimoja," Omier akasema. "Kidole. Ulijuaje?"

Yader hajui kwamba niliungama kwa Omier. Tangu Krismasi hatujazungumza kiasi hicho. Akajibu bila kusita, "Nilikiona mwenyewe. Mechi ya kwanza tu. Nina macho, wewe."

Mwanangu aliyevunjika mkono kwa sababu yangu alikuwa ananikinga. Nikangoja Omier ambishie. Omier, aliyejua kila tarehe, akasema tu, "Sawa, bwana. Basi nitalifanyia kazi."

Ningeweza kukaa kimya. Ilikuwa rahisi kama kumfukuza nzi yule. Wangepeana mkono wa kushoto na mambo yangefungwa vizuri, wote wawili wakiwa wamenilipia.

Nilitoka na kahawa mkononi.

"Anadanganya," nikasema. "Ni mimi niliyemwambia. Na wewe unajua anadanganya, nilikuambia mwenyewe."

"Mama, kaa ndani," Yader akasema, amekuwa mwekundu. "Yamekwisha."

"Mwache aseme," Omier akasema. "Sijayasikia yote mbele ya mtu mwingine."

Nikasema yote, nimesimama, tarehe kwa tarehe, kama ninavyosoma redioni. Nilisema jinsi nilivyofurahi siku ya mapigo manne. Nilisema nilivyofukuza nzi. Nilisema siku sita za kunyamaza, na raundi tatu na nusu nilizokaa kibandani mwanangu akiwa hospitali ili daftari liwe kamili. Hilo Yader hakulijua. Alifikiri sikupata teksi. Alitazama chini, na mimi nikaendelea mpaka mwisho.

Kahawa walikunywa, nadhani kwa sababu ilikuwa pale.

Kisha Omier akasimama. Alimshika Yader bega, wakasemezana kitu kuhusu Mexico na mazoezi ya mkono, na Yader akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Desemba. Mlangoni Omier aliinama kupita, akageuka, akanipa mkono. Ulikuwa mkono mzuri, mkavu, wenye adabu.

"Asante kwa chumba, Doña Auxiliadora," akasema.

Nikamjibu safari njema. Nikabaki nimeshika mlango, na uani Yader alikuwa anakusanya vikombe kwa mkono mmoja.